George Washington Carver

George Washington Carver (alizaliwa karibu na Diamond, Missouri, mnamo 1864, alifariki Tuskegee, Alabama, tarehe 5 Januari 1943) alikuwa mtaalamu wa mimea, mwalimu na mshauri wa wakulima nchini Marekani. Alizaliwa mtumwa, akawa Mwamerika Mweusi wa kwanza kusoma na baadaye kufundisha katika Chuo cha Kilimo cha Jimbo la Iowa. Kuanzia mwaka 1896 hadi kifo chake alifanya kazi katika Taasisi ya Tuskegee, shule iliyoanzishwa kwa ajili ya Waamerika Weusi katika jimbo la Alabama.

Anajulikana zaidi kwa utafiti wake juu ya karanga. Mara nyingi husemwa kwamba ndiye aliyebuni siagi ya karanga, lakini hilo si kweli. Kazi iliyochukua sehemu kubwa ya maisha yake ilikuwa nyingine: kuwashauri bila malipo wakulima maskini waliolima udongo uliochoka na wasiokuwa na fedha za kununua mbolea.

## Utoto

Carver alizaliwa katika shamba la Moses na Susan Carver, kusini magharibi mwa Missouri. Tarehe ya kuzaliwa kwake haijulikani, kwa kuwa kuzaliwa kwa watoto wa watumwa hakukuandikwa kwa uangalifu. Mama yake aliitwa Mary, naye alikuwa amenunuliwa na Moses Carver mwaka 1855. Baba yake, anayedhaniwa kuwa mtumwa wa shamba la jirani, alifariki katika ajali mapema sana.

Miaka hiyo Marekani ilikuwa katika vita vya wenyewe kwa wenyewe (1861-1865), na Missouri ilisumbuliwa na magenge yaliyovamia mashamba. George alipokuwa bado mchanga, wavamizi walimteka pamoja na mama yake. Moses Carver alimtuma mtu awatafute. Mtoto alipatikana akiwa mgonjwa, na inasimuliwa kwamba aliyemleta alizawadiwa farasi. Mama hakuonekana tena.

Baada ya utumwa kufutwa, Moses na Susan waliwalea George na kaka yake James kama watoto wa nyumbani. George alikuwa dhaifu, tena aliugua kifaduro, hivyo hakuweza kazi nzito za shambani. Alibaki nyumbani akijifunza kupika, kufua, kushona na kutunza bustani. Wakati wa mapumziko aliingia msituni kukusanya mimea, akaotesha upya ile iliyokuwa inanyauka. Majirani walianza kumletea mimea yao iliyougua, wakamwita daktari wa mimea. Ushauri wake wa kwanza kwa wakulima, basi, aliutoa akiwa bado mtoto.

## Kutafuta elimu

Shule ya karibu haikupokea watoto Weusi. Akiwa na umri wa miaka kumi na kitu, Carver alikwenda kwa miguu hadi mji wa Neosho, palipokuwa na shule ya watoto Weusi. Huko alipokewa na Mariah na Andrew Watkins, mume na mke wasiokuwa na watoto. Mariah alikuwa mkunga aliyejua dawa za mitishamba, naye alimhimiza asome ili aje awafundishe watu wake.

Kutoka Neosho alihamia jimbo la Kansas, akahama mji baada ya mji huku akijilipia masomo kwa kupika na kufua nguo. Huko Fort Scott, mwaka 1879, alishuhudia mtu Mweusi akiuawa na kundi la watu bila hukumu ya mahakama. Aliuhama mji huo mara moja. Hatimaye alimaliza sekondari katika mji mdogo wa Minneapolis, Kansas.

Alituma maombi kwa barua katika chuo kimoja cha Kansas, akakubaliwa. Alipofika mlangoni na kuonekana kuwa ni Mweusi, alikataliwa. Kwa miaka kadhaa hakujaribu tena. Alijipatia kipande cha ardhi katika wilaya ya Ness, akajenga nyumba ya mabonge ya udongo na kulima katika nchi kame. Hapo alionja mwenyewe maisha ya mkulima asiye na mtaji.

Mwaka 1890 alipokewa katika Chuo cha Simpson, Iowa, kusomea sanaa na muziki. Mwalimu wake wa uchoraji, Etta Budd, aliona jinsi alivyochora mimea kwa usahihi, akamshauri ahamie Chuo cha Kilimo cha Jimbo la Iowa kilichokuwa Ames. Carver alipenda sana uchoraji, na mmoja wa michoro yake ulitajwa kwa heshima katika Maonyesho ya Dunia ya Chicago mwaka 1893. Hata hivyo alichagua kilimo, kwa kuona kwamba kingewafaa zaidi watu wake.

Alipata shahada ya kwanza mwaka 1894, akabaki chuoni kama mwalimu msaidizi na mtafiti wa magonjwa ya mimea chini ya Profesa Louis Pammel. Alikuwa hodari hasa katika kutambua kuvu wanaoshambulia mimea. Alipata shahada ya uzamili mwaka 1896.

## Kufika Tuskegee

Mwaka huohuo Booker T. Washington, mkuu wa Taasisi ya Tuskegee, alimwalika aongoze idara ya kilimo. Iowa Carver alikuwa na maabara nzuri na kazi ya uhakika. Tuskegee hakukuwa na maabara. Inaelezwa kwamba yeye na wanafunzi wake walipita majalalani kuokota chupa, sufuria na vyuma chakavu ili watengeneze vyombo vya majaribio.

Hali ya nchi yenyewe ilikuwa mbaya zaidi. Kwa miongo mingi mashamba ya Alabama yalikuwa yamelimwa pamba mwaka baada ya mwaka, na udongo ulikuwa umeishiwa rutuba na kuchukuliwa na mvua. Wakulima wengi Weusi hawakuwa na ardhi yao. Walilima shamba la mtu mwingine na kugawana naye mavuno. Mbegu, zana na chakula walikopa kwa mwenye shamba au kwa mwenye duka, kwa riba kubwa. Mkopeshaji alitaka pamba, kwa sababu pamba iliuzika, na mara nyingi walilima pamba mpaka karibu na mlango wa nyumba. Chakula chao cha kila siku kilikuwa nyama ya nguruwe yenye mafuta, unga wa mahindi na asali ya miwa. Mboga zilikuwa chache, na maradhi ya upungufu wa lishe yalikuwa ya kawaida.

Mwaka 1897 bunge la Alabama lilikubali kuanzishwa kwa kituo cha majaribio ya kilimo Tuskegee, Carver akiwa mkurugenzi. Fungu lake lilikuwa dola 1,500 kwa mwaka, kiasi kidogo sana kikilinganishwa na vituo vya Wazungu.

## Ushauri usiohitaji fedha

Ufukara huo wa kituo ndio uliompa Carver kipimo cha kazi yake. Alijiuliza kama mkulima asiye na senti angeweza kuutumia ushauri anaopewa. Kama jibu lilikuwa hapana, alitafuta njia nyingine.

Mbolea za viwandani zilikuwa ghali, hivyo alifundisha kutengeneza mboji kwa majani ya msituni, matope ya bwawani, samadi na mabaki ya jikoni. Chakula cha mifugo kilikuwa ghali, hivyo kijitabu chake cha kwanza, cha mwaka 1898, kilieleza jinsi ya kulisha mifugo kwa mbegu za mialoni zilizoanguka bure msituni. Rangi za dukani hazikununulika, hivyo alionyesha jinsi ya kupaka nyumba na makanisa kwa udongo wa rangi uliochimbwa papo hapo wilayani.

Jambo kubwa zaidi lilikuwa kubadilisha mazao. Kunde, karanga na soya ni jamii ya mikunde. Kwenye mizizi yake kuna vinundu wanamoishi bakteria wenye uwezo wa kuchukua naitrojeni ya hewani na kuigeuza kuwa chakula cha mmea. Sehemu ya naitrojeni hiyo hubaki shambani mabaki ya mmea yanapooza. Mkulima aliyepanda mikunde mwaka mmoja na pamba mwaka uliofuata aliurutubisha udongo bila kununua kitu, tena familia yake ilipata chakula chenye protini.

Carver alianza kwa kukazia kunde, zao lenye asili ya Afrika lililofika Marekani pamoja na biashara ya watumwa. Aliongeza viazi vitamu, vinavyostahimili udongo hafifu, na baadaye karanga. Hata hivyo alijua kwamba hakuna atakayepanda zao asilojua kulila wala kulihifadhi. Kwa hiyo vijitabu vyake viliunganisha kilimo na mapishi. Kile cha mwaka 1916 kilieleza kilimo cha karanga na njia 105 za kuziandaa kwa chakula. Vingine vilihusu nyanya, viazi vitamu, plamu za porini na kuhifadhi nyama wakati wa joto. Kwa jumla kituo chake kilitoa vijitabu 44, vilivyoandikwa kwa lugha nyepesi.

## Gari la Jesup

Wakulima wengi hawakujua kusoma, na waliojua hawakuwa na nafasi ya kufika chuoni. Tuskegee ilikuwa na mkutano wa wakulima wa kila mwaka tangu 1892, na Carver aliendesha mikutano ya kila mwezi. Vilevile, siku za mapumziko, alipanda gari la farasi akiwa na zana chache na kwenda vijijini kuzungumza na watu nje ya makanisa.

Mwaka 1906 mpango huo ulipata chombo chake. Carver alichora ramani ya gari la kukokotwa na nyumbu, lililobeba plau, mbegu, vyombo vya maziwa na vifaa vingine vya kuonyeshea. Fedha zilitoka hasa kwa Morris K. Jesup, tajiri wa New York, na gari likaitwa kwa jina lake. Lilifika shambani kwa mtu, likaegeshwa, na majirani wakaitwa. Hawakuhubiriwa tu. Walilima, walipanda na kupika pamoja na waalimu, kisha waliombwa wajaribu wenyewe kwenye kipande kidogo.

Mwaka huohuo Thomas Monroe Campbell, aliyesoma Tuskegee, aliajiriwa na Wizara ya Kilimo ya Marekani kuifanya kazi hiyo. Akawa Mwamerika Mweusi wa kwanza kuwa bwana shamba wa serikali ya shirikisho. Mwaka 1914 bunge la Marekani lilipitisha sheria iliyoeneza huduma za ugani nchi nzima. Baadaye gari la nyumbu lilibadilishwa na lori, ambalo lilichukua pia muuguzi na mtaalamu wa mambo ya nyumbani.

## Tuskegee na Afrika

Jina la Tuskegee lilifika Afrika pia, kwa njia tofauti na ile ya Carver. Mwishoni mwa mwaka 1900 watu wanne wa Tuskegee, wakiongozwa na James Calloway, waliwasili Togo, iliyokuwa koloni la Ujerumani. Walialikwa na kamati ya Wajerumani waliotaka pamba kwa ajili ya viwanda vyao. Carver hakuwamo katika safari hiyo.

Tofauti ya mambo hayo mawili inafaa kuangaliwa. Huko Alabama Carver aliwashauri wakulima wapunguze pamba na kutanguliza chakula. Huko Togo utaalamu wa shule hiyohiyo ulitumika kuongeza pamba ya kuuzwa ng'ambo kwa faida ya mtawala. Katika koloni lingine la Ujerumani, Afrika ya Mashariki, wananchi walilazimishwa kulima mashamba ya pamba, na hiyo ilikuwa moja ya sababu za Vita vya Maji Maji (1905-1907).

## Karanga na umaarufu

Mwanzoni mwa karne ya 20 fukusi wa vitumba vya pamba, mdudu aliyetokea Meksiko, alienea kusini mwa Marekani, akafika Alabama karibu na mwaka 1910. Pamba iliharibiwa vibaya, na wakulima wakalazimika kutafuta zao lingine. Karanga zilikuwa tayari zinalimwa na Wizara ya Kilimo ilizitangaza pia, lakini hakuna aliyezisemea kwa bidii kuliko Carver.

Mwaka 1921 chama cha wafanyabiashara wa karanga kilimtuma Washington, D.C., mbele ya kamati ya Baraza la Wawakilishi iliyojadili ushuru wa karanga kutoka nje. Alipewa dakika kumi. Alianza kutoa sandukuni maziwa ya karanga, unga, vyakula na rangi, na baadhi ya wajumbe waliokuwa wakimdhihaki wakanyamaza kumsikiliza. Muda wake uliongezwa mara kadhaa. Sheria ya mwaka 1922 iliweka ushuru huo, na Carver akawa maarufu nchi nzima.

Umaarufu ulileta pia chumvi. Ilisemwa kwamba alivumbua bidhaa 300 za karanga na zaidi ya 100 za viazi vitamu. Orodha hizo zilikuwa na mapishi mengi, na nyingine zilikuwa zimejulikana kabla yake. Alipata hataza tatu tu, kati ya 1925 na 1927, na bidhaa zake hazikufanikiwa sana sokoni. Siagi ya karanga ilikuwa imepewa hataza Marekani tangu 1884 kwa jina la Marcellus Gilmore Edson wa Kanada. Katika miaka ya 1930 watu wengi waliopooza kwa polio walimwendea kwa ajili ya kukandwa kwa mafuta ya karanga. Baadhi walipata nafuu, lakini haikuthibitishwa kwamba mafuta ndiyo yaliyoponya. Huenda ni kukandwa kwenyewe.

## Tabia na maisha ya binafsi

Carver hakuoa. Aliishi katika bweni la chuo, aliamka alfajiri kwenda msituni kukusanya mimea, na alivaa suti kuukuu yenye ua kifuani. Alikuwa Mkristo mwenye imani ya kina, na kwa miaka mingi aliongoza darasa la Biblia la wanafunzi.

Hakuwa mtu rahisi kufanya naye kazi. Aligombana na Booker T. Washington kuhusu uendeshaji wa banda la kuku, wingi wa vipindi na ukosefu wa maabara, na mara kadhaa alitishia kujiuzulu. Washington alimwona mwalimu bora lakini msimamizi dhaifu. Hata hivyo hakuondoka. Mshahara wake ulikaa karibu palepale kwa miaka mingi, na inasimuliwa kwamba hundi zake zilikaa droo bila kupelekwa benki. Wakulima waliomwandikia barua kuhusu udongo au magonjwa ya mimea aliwajibu bila kuwatoza kitu. Alimpa ushauri wa lishe hata Mahatma Gandhi wa Uhindi.

## Mipaka ya kazi yake

Wanahistoria wameonyesha kwamba ushauri wa Carver haukuweza kuondoa umaskini wa wakulima Weusi. Mkulima aliyekuwa na ardhi yake, hata ndogo, aliweza kuufuata. Aliyelima shamba la mwingine hakuwa na hiari ya kupanda kunde wakati mkopeshaji anataka pamba, na aliyerutubisha ardhi isiyo yake angeweza kufukuzwa mwaka uliofuata. Tatizo hilo lilikuwa la sheria na haki, nalo halikutibika kwa mboji.

Carver mwenyewe hakusema sana hadharani dhidi ya ubaguzi, na baadhi ya Waamerika Weusi walimlaumu kwa hilo. Kwa upande mwingine, bustani ya mboga na kunde kando ya nyumba ilikuwa ndani ya uwezo wa wengi. Familia iliyokula vizuri zaidi na kukopa kidogo zaidi dukani ilikuwa na nafasi kubwa zaidi ya kusimama.

## Miaka ya mwisho na kifo

Mwaka 1923 alipewa nishani ya Spingarn ya chama cha NAACP, na mwaka 1939 nishani ya Roosevelt. Alifanya urafiki na Henry Ford, mtengenezaji wa magari, ambaye aliwekesha lifti bwenini mwake alipozeeka. Mwaka 1940 alianzisha mfuko wa utafiti wa kilimo huko Tuskegee na kuukabidhi akiba yake ya maisha, ambayo kwa jumla ilifikia takriban dola 60,000. Mwaka 1942, wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia, alitoa kijitabu kuhusu mboga za porini zinazolika, akirudia somo lilelile la kutumia kilicho karibu.

Alifariki tarehe 5 Januari 1943 baada ya kuanguka kwenye ngazi. Alizikwa Tuskegee kando ya kaburi la Booker T. Washington.

## Kumbukumbu

Tarehe 14 Julai 1943 Rais Franklin D. Roosevelt alitia saini sheria ya kulifanya shamba alikozaliwa Carver kuwa mnara wa taifa. Ulikuwa wa kwanza kwa heshima ya Mwamerika Mweusi, na wa kwanza kwa mtu asiyekuwa rais. Picha yake iliwekwa kwenye stempu mwaka 1948, na sura yake kwenye sarafu ya nusu dola iliyotolewa kuanzia 1951. Mwaka 1990 aliingizwa katika Ukumbi wa Taifa wa Wavumbuzi.

Shule nyingi za Marekani zina jina lake, na watoto bado hufundishwa kuhusu karanga. Mambo aliyoyafundisha mwenyewe vijijini, yaani mboji, mikunde shambani, mbegu na zana zinazoonyeshwa kwa vitendo mbele ya mkulima, ni mambo ya kawaida katika kazi ya mabwana shamba na mabibi shamba wa nchi nyingi, zikiwemo za Afrika Mashariki.